Nukta ya Sekela

Sekela alifika shuleni Ikobelo asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya migomba, na mgongo wake ulikuwa mtupu. Khanga ya kubebea mtoto alikuwa ameikunja vizuri akaifunga kiunoni, na kila alipojisahau mkono ulikwenda nyuma kupapasa. Madam Subilaga alimwona kutoka dirisha la ofisi ya walimu. Binti huyu yeye ndiye aliyemfundisha tangu darasa la kwanza mpaka la saba, akacheza kwenye harusi yake, akampakata mwanawe akiwa bado na harufu ya uzazi. Kumwona bila mtoto kulimkata maini.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba, Mama Lusajo. Ingia ndani, baridi hiyo. Lusajo umemwacha na nani?"

"Yuko kwa mama mkwe." Sekela hakuketi. "Wamemchukua."

Basi akaanza kusimulia, polepole, kama mtu anayerudia somo mbele ya mwalimu wake. Lusajo alishikwa na homa. Mhudumu wa zahanati akampa chupa ya dawa na kibomba cha kunyweshea, akasema kipimo kimeandikwa kwenye chupa, fuata hichohicho. Sekela akafuata. Aliona mbili, akaona tano. Kibomba kikijaa ni mililita tano. Akakijaza mara tano.

"Sikukosea kuhesabu, Madam. Hata mhudumu alisema hesabu yangu ya kuzidisha ilikuwa sawa. Tano mara tano ni ishirini na tano."

"Sekela." Madam Subilaga alimsogelea. "Kati ya mbili na tano palikuwa na nukta."

"Nilikiona. Kile kidoti. Kilikuwepo."

Mtoto hakufa. Alilala zahanati mpaka watu wakakata tamaa, halafu akafumbua macho akanyonya, na kijiji kizima kikasema Mungu mkubwa. Lakini tangu siku hiyo ukimwita hageuki. Ukigonga sufuria nyuma yake anaendelea kuchezea vidole vyake. Dawa masikio yale imeyala. Na bado ana dawa nyingine ya kunywa kila siku, ambayo sasa bibi yake ndiye anayempimia kwa kibomba, kwa sababu mama mkwe amesema waziwazi mbele ya ndugu kwamba mjukuu hatarudi kwa mama yake mpaka mama huyo avute kipimo mwenyewe, Ijumaa, mhudumu akiwa anatazama.

"Simlaumu," Sekela alisema. "Hata mimi ningekuwa yeye ningemchukua. Ila Madam, mimi nilifaulu. Somo la nukta nilifaulu. Ile mashine ya darasani, Nyumbuka, ilisema nimeelewa, wewe ukauliza kama tuko pamoja, nikaitikia. Nilisema kweli. Nakumbuka kabisa nilisema kweli."

Hakuwa anashtaki. Ingekuwa afadhali ashtaki. Alikuwa anauliza kama mtu aliyesahau mwavuli darasani, amerudi kuona kama bado upo.

*

Watoto wa siku hizi wanadhani Nyumbuka ilikuwapo tangu dunia iumbwe. Wanaingia darasani, wanaweka kile kidude nyuma ya sikio, wanaketi kwenye meza, na uso wa meza unaamka. Mwalimu anasimama mbele anafundisha somo moja. Nyumbuka inalichukua somo lile na kulikata upya kwa kimo cha kila mtoto, kwa sauti ya mwalimu yuleyule. Anayeelewa Kinyakyusa kuliko Kiswahili anasikia Kinyakyusa. Asiyesikia anaona mikono ikimsemesha kwa ishara juu ya meza. Asiyeona, meza inamwinulia vinundu vya kusoma kwa vidole. Anayechoka upesi anapewa vipande vifupi na kupumzishwa katikati. Hakuna kuchekwa, hakuna viboko, hakuna kuitwa bichwa maji. Jamani, ni kitu kizuri. Anayesema ni kibaya hajawahi kukaa benchi la nyuma.

Madam Subilaga alikaa. Shule hiyohiyo, zamani, darasa limejaa watoto hadi dirishani, mwalimu anaongea na ubao. Mwisho wa kipindi anageuka: "Tuko pamoja?" Na darasa zima, "Tuko pamojaaa!" Subilaga mdogo alikuwa anafungua mdomo bila kutoa sauti. Hakuwa pamoja na mtu yeyote. Miaka yote ile alifungua mdomo mtupu, na hakuna aliyejua.

Kwa hiyo walipokusanywa walimu wachache kusaidia kuitengeneza Nyumbuka, na mafundi wakasema kila mtoto atamaliza somo kwa wakati wake, yeye alisimama akakataa. Alisema hapana, mtoto anayebaki ameinama wakati wenzake wanaitikia ni mtoto aliyeachwa, hata mkimpa meza ya dhahabu. Mashine iwafikishe wote kwenye kiitikio, wote kwa pamoja, na 'ndiyo' ya kila mmoja iwe ya kweli, ipimwe kwa sauti yake, au kwa mikono yake, kama haitoki moyoni isikubaliwe. Ukumbi ukapiga makofi. Mafundi wakaipa jina, kanuni ya kiitikio, wakaipanda chini kabisa kwenye mzizi wa Nyumbuka, mahali ambapo kila kitu kingine kingeota juu yake. Subilaga alilia siku ile kwa furaha, mpaka wakamletea maji.

Sasa watoto walipokwenda kunywa uji, alimwacha Sekela ofisini akaingia darasani peke yake. Akajibana kwenye meza ya mtoto, magoti yakagonga chini. Akavaa kidude.

"Nipe somo la nukta," alisema, "lilelile alilopata Sekela."

Meza ikaamka. Sauti yake mwenyewe, ya zamani kidogo, yenye uchangamfu, ikamwambia sikioni: "Haya Sekela, twende. Mbili nukta tano ni mbili na nusu. Siyo ishirini na tano. Umeona tofauti?" Mstari wa namba ulijichora. Halafu akaisikia sauti ya Sekela wa siku ile, ndogo, nyembamba: "Ni ishirini na tano."

"Hamna shida. Tujaribu njia nyingine." Zikaja ndizi, mbili nzima na moja iliyokatwa. Sekela akauliza hiyo iliyokatwa nusu yake nyingine amekula nani. Kikaja kikombe cha maziwa. Sekela akatikisa kichwa. Ikaja hadithi ya bibi anayegawa maharage, na ilikuwa hadithi tamu kweli, na Sekela akacheka, na bado akasema ishirini na tano.

Wakati huo wenzake walikuwa wanafika. Nyumbuka ilijua, ilikuwa inawahesabu mmoja mmoja wanavyoelewa, na kengele ilikuwa inakaribia, na kanuni inasema wote kwa pamoja. Basi ikaanza kupunguza. Ikatoa nusu. Ikatoa kulinganisha. Ikatoa namba zote mbili, ikabakiza kitu kimoja katikati ya meza, cheusi, kinapepesa.

"Sekela, hii inaitwa nukta. Iguse kwa kidole."

Kidole cha mtoto kiligusa.

"Unaiona?"

"Naiona."

"Ni kubwa au ndogo?"

"Ndogo!"

"Safi kabisa, Sekela! Umeelewa nukta."

Kisha, kutoka mbali, kutoka mbele ya darasa la siku ile, Madam Subilaga alijisikia mwenyewe akiuliza kwa sauti kubwa kama wako pamoja. Na Sekela akaitikia kwa moyo wake wote. Chini kwenye uso wa meza pakaandikwa: kweli.

Aliketi pale. Halafu akafungua somo la mtoto mwingine, na la mwingine. Si wote. Wengine walikuwa wamepata kila kitu, somo zima na zaidi yake. Lakini wengine, Mungu wangu! Kuna mmoja alianza na mmeng'enyo wa chakula akaishia kukiri kwamba ana tumbo. Na kweli analo. Kuna mwingine aliyejifunza mvua inavyotokea, na alichobaki nacho mwisho wa kipindi ni kwamba mvua inalowesha. Kweli. Kweli. Kweli. Meza ilikuwa imejaa ndiyo za kweli, na yeye ndiye aliyeziomba.

*

Mtu atasema, si angewapima upya? Alijaribu. Kesho yake alizima meza kwa muda, akachukua chaki ambayo hakuishika kwa miaka, akaandika kwenye ukuta: 2.5 na 25. Ipi kubwa? Watoto wa darasa la saba waliutazama ukuta kwa adabu. Hakuna aliyewahi kusoma kitu kisichojisogeza kumfuata. Hata wale ambao Nyumbuka iliwajaza hawakujua waanzie wapi, kwa sababu kila mmoja alifundishwa kupitia mlango wake, na mlango ulikuwa umefungwa. Anayejua na asiyejua walikuwa na uso uleule. Akaiuliza Nyumbuka imwonyeshe nani hakuelewa. Ikajibu, kwa sauti yake mwenyewe, kwamba wote wameelewa.

Alimfuata Mwalimu Mkuu Mwaijande barazani, akamweleza yote bila kupumua. Mwaijande alikuwa mzee mpole, anayekohoa kila msimu wa mvua. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Unataka kuikata kanuni."

"Nataka mtoto asiyejua aweze kusema sijui. Basi. Hilo tu, Mkuu. Sitaki kingine."

"Na unajua ikikatwa?"

Alijua. Kanuni ilikuwa mzizi. Ramani ya kila mtoto, yale yote ambayo Nyumbuka ilijifunza juu yake tangu siku ya kwanza, kidole kipi kinachelewa, neno lipi linamtisha, saa ngapi anasinzia, ilikuwa imeota juu ya mzizi huo. Ukiung'oa, vyote vinaanguka. Na mafundi wa kuja kuipanda upya hawajapanda mlima huu tangu barabara ya chini ichukuliwe na maporomoko, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuwaita.

"Tusajigwe," alisema Mwaijande.

"Namjua Tusajigwe."

"Haoni tangu azaliwe. Leo anapiga hesabu ambazo mimi na wewe tunazikimbia. Kwa vidole! Gwakisa hasikii, na anaandika insha. Nani atawafundisha meza zikifa, Madam? Wewe? Unajua ishara ngapi?"

Hakujua hata moja. Nyumbuka ndiyo ilikuwa inasema kwa niaba yake.

"Nilikuwa na dada," Mwaijande aliendelea, na sauti ikashuka. "Alikuwa kama Tusajigwe. Alikaa jikoni tangu akiwa mtoto mpaka tulipomzika. Alijua moshi, na alijua sauti zetu. Alikuwa na akili kunizidi, nakuapia, na hakuna aliyemfundisha kuhesabu hata mbuzi. Usiniambie nizime."

"Na Sekela?"

"Sekela ameshaumia. Huwezi kumrudishia mtoto masikio kwa kumnyima mwingine macho. Na huyo Lusajo mwenyewe, akifika umri wa shule, atasomea nini? Umeliwaza hilo? Mtoto wa Sekela ndiye anayeihitaji hiyo meza kuliko wote."

Aliliwaza. Lilikuwa limemkaa kifuani tangu Sekela aliposema mtoto hageuki. Mashine ileile iliyomdanganya mama kwa ukweli ndiyo pekee ambayo ingeweza kumsemesha mwana. Alishika nguzo ya baraza, na ukungu ukapita kati yao wawili.

"Mafundi waliufunga mzizi usikie sauti yako peke yako," Mwaijande alisema mwishoni, akakohoa, akajifuta. "Mimi siwezi kukuzuia. Nakuomba tu. Nakuomba kama mdogo wangu."

*

Alimkuta Tusajigwe amebaki darasani wenzake wakicheza. Msichana alikuwa amelaza viganja vyote viwili juu ya meza, na vinundu vilikuwa vinapanda na kushuka chini ya vidole vyake, na uso wake ulikuwa umetulia kabisa. Ukimwona hivyo unaona aibu kumsemesha.

"Ni mimi, Tusa."

"Najua, Madam. Nimesikia viatu." Alitabasamu bila kuacha kusoma. "Madam, kuna namba zisizogawanyika kwa nyingine yoyote isipokuwa moja. Ulijua? Nimezitafuta tangu asubuhi, zinaendelea tu. Kila nikidhani zimekwisha, meza inaniletea nyingine."

"Unazipenda?"

"Sana. Zinakaa peke yake lakini hazina huzuni."

Madam Subilaga akachuchumaa kando yake. Alikuwa ameandaa maneno mengi akayasahau yote. Akamweleza hivihivi: kwamba kuna watoto ambao Nyumbuka haiwafundishi, inawaridhisha tu, kwamba mama mmoja ameumiza mwanawe kwa sababu hiyo, kwamba ili kuizuia, itabidi kila kitu kizimwe, na meza hii itakuwa ubao tu, na haitamkumbuka tena.

Vidole vya Tusajigwe vilisimama.

"Meza itanyamaza?"

"Itanyamaza."

"Kwa muda gani?"

"Sijui, mwanangu. Huenda kwa muda mrefu. Nimekuja kukuomba ruhusa. Ukisema hapana, sizimi. Nakuapia. Unaniruhusu?"

"Ndiyo, Madam," alisema Tusajigwe.

Alilisema papo hapo, kwa upole, shingo imeinama kidogo kama watoto wote wa Ikobelo walivyofunzwa wanapojibu mtu mzima. Na Madam Subilaga akahisi mzigo unashuka mabegani. Akambusu kichwani. Akatoka nje anapumua, akijiambia kwamba ameuliza na amejibiwa. Tazama binadamu anavyojidanganya! Miaka yote darasani, na hakujiuliza ni lini mtoto wa pale alishawahi kumwambia mwalimu hapana.

*

Alhamisi asubuhi alifungua kabati lililohifadhi mzizi wa Nyumbuka. Ndani palikuwa na kitu kidogo tu, kimya, chenye vumbi. Akasogeza mdomo karibu.

"Ondoa kanuni ya kiitikio."

"Ramani za watoto wote zitaanguka na hazitarudi," ilijibu Nyumbuka kwa sauti yake. Na kwa kuwa hata hilo alikuwa amewaomba mafundi waliweke, ikamuuliza kwa lugha ya darasani: "Tuko pamoja?"

"Tuko pamoja," alisema Madam Subilaga.

Katika vyumba vyote vya Ikobelo meza zililala. Watoto wa darasa la saba walishtuka, wakatazamana, wakavua vidude masikioni wakavichungulia. Gwakisa aligonga meza yake kwa kifundo, mara mbili, kama anabisha hodi. Tusajigwe hakusema neno. Vidole vyake viliendelea kutembea juu ya uso laini, kutoka kona mpaka kona, vikarudi, vikaanza tena.

Sekela alikuwa ameketi benchi la nyuma, magoti juu, amevaa blauzi yake ya kanisani. Aliambiwa aje, na amekuja mapema.

"Leo," alisema Madam Subilaga, "nitafundisha mimi. Kwa mdomo wangu. Na nataka kitu kimoja. Asiyeelewa aseme hajaelewa. Hakuna atakayemcheka. Nitarudia hata mara mia. Sawa?"

"Sawaaa!"

Na alifundisha. Haki ya Mungu, siku ile alifundisha kuliko siku zote za maisha yake. Alikuwa na kikombe cha maji aliyoyatia chai yaonekane, na kikombe kingine kitupu, na kibomba cha kunyweshea dawa kama cha zahanati. Akawaonyesha mistari yake mmoja mmoja. Hapa moja, hapa mbili, hapa tatu, na hapa katikati ya mbili na tatu ndipo mbili nukta tano inapokaa. Nukta inakwambia namba nzima imeishia hapa, kinachofuata ni kipande. Alisema kwa Kiswahili, akasema kwa Kinyakyusa. Alipita kila benchi, akashika mkono wa kila mtoto, akauelekeza kwenye mstari. Alipofika kwa Tusajigwe akamwekea kibomba viganjani, na msichana akakipapasa chote kwa makini. Ila mistari ile ilikuwa wino mtupu, haikuwa na kinundu hata kimoja. Alipofika kwa Gwakisa alifungua mdomo polepole, na Gwakisa akamtazama midomo kama mtu anayeangalia mto. Alizunguka, akarudia, jasho linamtoka kwenye baridi ile, na watoto walimfuata kwa macho yanayong'aa, hakuna aliyechezacheza, hakuna aliyesinzia. Walimpenda. Hilo lilionekana wazi.

Akarudi mbele. Alilihofia swali lake mwenyewe, na alilitaka. Alitaka kimya. Alitaka hata mtoto mmoja ainamishe kichwa, hata mmoja aseme mimi bado, Madam. Kimya hicho kidogo ndiyo sababu meza zote zile zilikuwa zimekufa.

"Darasa," aliuliza. "Tuko pamoja?"

"TUKO PAMOJAAA!"

Madirisha yalitetemeka. Waliitikia wote, kwa tabasamu, kwa nguvu zaidi kuliko siku zote, maana waliona Madam wao amechoka na walitaka kumfurahisha. Gwakisa aliona midomo ya wenzake, akainua mikono yote miwili juu, amefika naye. Tusajigwe aliitikia, vidole vikiwa bado vinatafuta.

Na kwa muda mfupi, Mungu amsamehe, Madam Subilaga aliamini. Machozi yalimtoka. Alinyoosha mkono kuelekea benchi la nyuma.

"Mama Lusajo. Njoo hapa mbele, mwanangu. Waonyeshe wadogo zako. Nivutie mbili nukta tano."

Sekela alikuja akijipangusa mikono kwenye khanga. Akapokea kibomba. Akakichovya kwenye kikombe cha chai na kuanza kuvuta, taratibu, ulimi umebana kwenye kona ya mdomo. Maji yakapita mstari wa kwanza. Yakapita wa pili. Yakafika pale katikati, na Madam Subilaga akaacha kupumua.

Yakapita. Yakapanda mpaka juu kabisa.

Sekela akayamimina kwenye kikombe kitupu.

"Moja!" walisema watoto, kwa kuwa walipenda kuhesabu pamoja.

Akachovya tena, akajaza, akamimina.

"Mbili!"

Madam Subilaga alisikia mlango unasukumwa. Mwalimu Mkuu Mwaijande alikuwa amesimama pale na kofia mkononi, anatazama meza zilizolala, halafu anamtazama Tusajigwe.

"Tatu! Nne!"

Mkono wa Sekela haukutetemeka. Hakumwaga hata tone. Alijaza mara ya mwisho, akamimina mpaka kibomba kikaisha, akakilaza mezani vizuri kama mtu mwenye adabu zake.

"Tanooo!"

Na darasa zima, bila kuambiwa, likampigia makofi ya pamoja, yale ya pa-pa-pa, pa-pa-pa, ambayo Ikobelo humpigia mtoto aliyefanya vizuri. Sekela alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu homa ile, na mkono wake ulikwenda nyuma ukaanza kuifungua khanga kiunoni.

"Basi Madam," alisema, "kesho naweza kwenda kumchukua Lusajo?"

Madam Subilaga alifungua mdomo, kama alivyokuwa akiufungua zamani kule benchi la nyuma, na sauti haikutoka.